Tone Juu ya Bomba

...jekundu, mjomba amesema limegeuka jekundu, na yule bwana wa manunuzi wa hospitali ameshaitikia kwa kichwa, lakini tone la dawa ya kupimia chuma liko pale pale juu ya bomba la stenlesi, njano tupu, yeye analiona kwa macho yake mawili, njano... labda dawa imeharibika, la, asubuhi tu hapa karakanani wameijaribu kwenye kipande cha zamani ikageuka vizuri, basi stenlesi hii si namba mia tatu kumi na sita inayogeuza tone jekundu, ni mia tatu na nne, ya masinki na sufuria, safi kabisa kwa jikoni, ila kwenye bwawa la maji ya chumvi italiwa vitobo vitobo pale chini kwenye kiungo, na hiki ni kishikio cha ngazi, cha kushikwa na wagonjwa wanaojifunza upya kutembea... "Mia tatu kumi na sita hiyo, bwana, chumvi haiiwezi," mjomba anasema, anaipitisha sumaku juu ya bomba, na sumaku itamwambia nini, si mjomba mwenyewe aliyemfundisha yeye, stenlesi ya mia nne thelathini huganda kwenye sumaku kama shemeji kwenye chakula cha bure, lakini hizi mbili haziishiki sumaku wala hazitofautiani kwa kutazama, ni tone tu, tone na subira... sasa kwa nini aseme jekundu, anamwibia mtu, mjomba huyu huyu aliyevunja lango zima akalianza upya kwa ajili ya mshono mmoja wa kuchomelea... bwana wa manunuzi anasema kitu, gari linangoja nje, sijui nini, na mjomba amemgeukia yeye, lakini si usoni, anatazama karibu na bega lake, "Au wewe unaonaje, mama?"... unaonaje, mwaka mzima ni unaonaje, soma wewe futi uzoee, kagua wewe mshono, na yeye kichwa kikamvimba, akamwambia mumewe siku hizi mzee ananiheshimu, ananiuliza mimi, kumbe mzee haoni, mtoto wa jicho huyo, haoni... ikamuuma, ikamuuma vibaya, tena kwa ajili yake mwenyewe kwanza, kwamba hakuwa fundi, alikuwa fimbo ya kipofu... lakini mafundi wako watatu humu, wawili wanaume, wakongwe kuliko yeye, na hakuwauliza hao, giza lake amelificha kwa wote akaja kuliegemeza kwake, mtu huegemea penye nguvu... aseme nini, aseme haijageuka mbele ya mteja, amwaibishe, au anyamaze, mgonjwa ashike chuma kikatike... tone bado njano, mjomba bado anangoja, na yeye anajua atasema bomba lirudi dukani, na kinachomtisha si mteja tena, ni kwamba neno lake ndilo la mwisho humu ndani, na siku akikosea yeye, hakuna mkubwa aliyebaki wa kuliona kosa.