Tunakupima Mara Moja

"Siku mbili! Mbili! Hata mtoto wa chekechea anajua kuhesabu mpaka mbili."

"Sikusema mimi siku mbili, shemeji. Ulisema wewe, kwenye simu, mbele ya wageni wako, mimi nikiwa chooni."

"Na ulipotoka chooni ulisema nini?"

"Nilinawa mikono."

"Unaona? Mdomo unao. Kazi ndiyo huna."

Fundi wa mitandao alikuwa amekaa kwenye stuli ya cherehani, kompyuta mapajani, maana viti vyote vya chumba cha nyuma vilikuwa vimejaa vitambaa. Shemeji yake, mume wa dada yake, mtu wa bima, alikuwa amemsimamia kichwani, shati limepigwa pasi mpaka mikono ina makali. Wiki ya sita hiyo. Wiki sita mtu anakukalia kooni kama mfupa, na bado ni mume wa dada yako, kila asubuhi umsalimie.

Dada mtu alikuwa mshonaji wa nguo za kike, na duka lake lilikuwa mtandaoni. Mteja anakuja kupimwa mara ya kwanza tu; baada ya hapo anachagua mshono, anabonyeza, nguo inamfuata alipo. Shida ni kwamba lile duka la zamani lilishachoka. Mteja akifika tu kwenye kulipa, linaganda kama mafuta asubuhi ya baridi. Wakakubaliana: duka lihamishiwe kwenye mtandao mwingine, wenye nguvu. Shemeji akatangazia ukoo mzima kwamba ni siku mbili. "Ni kutoa hapa na kubandika pale," alisema. Mtu ambaye kubadilisha mlio wa simu tu anaita watu.

Na kweli, picha na bei zilihama ndani ya nusu saa. Kilichogoma ni vipimo.

Dada yake hakuwa na daftari. La kwanza lililowa, la pili lilipotea na fundi msaidizi aliyeondoka kwa hasira. Tangu hapo akawa na mtindo wake: nguo ikiisha, anampiga mteja picha akiwa ameivaa, halafu vipimo anaviandika palepale kwenye jina la picha, anaipandisha dukani, simuni anaifuta. *Bega 41 kifua 104 kiuno 88 kwapa lisibane.* Hakuna mshonaji mwingine duniani anayefanya hivyo, na hakuna mtengeneza mitandao aliyewahi kumfikiria mtu kama huyo. Duka jipya lilizipokea picha vizuri, kisha likazibatiza upya zote. Picha 1. Picha 2. Mpaka 460.

Fundi aligundua siku ya pili. Tangu hapo kila siku anafungua duka la zamani, picha moja moja, anasoma jina, anaandika upya kwenye duka jipya kwa vidole viwili. Hakumwambia mtu. Angesemaje? Yeye aliyeacha shule mapema, ambaye mashangazi walimtabiria kuzurura mpaka mvi, aseme utaalamu wake wote umeishia kunakili kama mwanafunzi aliyepewa adhabu? Akiulizwa mbona anachelewa, alijibu, "Mambo ya kitaalamu, shemeji. Hutaelewa." Ndiyo maana akaitwa Kobe, mpaka na mpwa wake wa miaka minne.

Leo alikuwa amefika picha ya 271.

"Basi mimi nimekusaidia, Kobe," shemeji akasema. "Nimelifunga."

"Umefunga nini?"

"Lile duka bovu. Si lilifunguliwa kwa barua pepe yangu? Nimeingia asubuhi, nikabonyeza 'futa'. Likaniuliza una uhakika? Nikasema ninao. Likauliza tena! Lina maswali kama wewe. Nikasema ninao. Kwisha. Sasa utahama, utake usitake."

Fundi alifungua duka la zamani. Ukurasa mweupe, mstari mmoja: *Duka hili limefutwa na mmiliki.* Akawaandikia wenye mtandao. Jibu lilikuja haraka kuliko jibu lolote la wiki sita zile: kilichofutwa hakirudi.

"Shemeji, umejua ulichofanya?"

"Nimefanya kazi yako."

Akamweleza. Jina la picha, vipimo, 271 kati ya 460, yote. Uso wa shemeji ukaanza kupauka kuanzia masikioni.

"Mbona hukusema?"

"Nilisema usiguse! Mara ngapi nimekwambia usiguse?"

"Ulisema usiguse, hukusema kwa nini! Ungeniambia unanakili kwa mkono, ningekaa hapa nikakusomea! Lakini wewe, utaalamu, utaalamu! Kiburi kimekujaa mpaka puani."

Hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Akalirudisha kwa ukali uleule. "Na wewe ulikuwa unawahi nini? Kuwaonyesha wale wenzako wa bima?"

Shemeji akatazama mlango, akashusha sauti. "Sikiliza. Mwambie dada yako mashine imekula."

"Mwambie mwenyewe."

"Nakuomba, shemeji."

Wiki sita, ndiyo mara ya kwanza neno "shemeji" kumtoka bila meno. Lakini lilikuwa limechelewa.

Dada aliingia, futi ya kupimia shingoni, uso una furaha.

"Nitolee vipimo vya yule mwalimu mstaafu. Yuko hapo nje, anataka gauni la mahafali ya mwanawe. Leo kaja mwenyewe, fikiria!"

Wote wawili walimjua. Bega lake la kushoto lilianguka baada ya ajali, mgongo ukapinda. Alipokuja mara ya kwanza alipimwa mlango umefungwa, na alilia tangu futi ilipomgusa mpaka ilipomwacha. Dada alimwapia: sitakushika tena, mama, nimeshakuandika. Ndipo akayachora yale maneno juu ya mlango na juu ya duka lake la mtandaoni: *Tunakupima mara moja.* Nusu ya wateja walimjia kwa maneno hayo.

Fundi alitafuta. Picha ilikuwepo, mwalimu akitabasamu kwa mbali. Jina la picha: Picha 312.

"Dada," alisema, "hazipo."

"Hazipo vipi?"

"Kuanzia 272 hazipo. Watu mia na themanini na tisa. Sikukwambia kwamba nanakili kwa mkono. Na yeye amefuta duka la zamani leo asubuhi."

"Mama watoto, huyu mdogo wako alichelewesha..."

"Nyamaza." Hakupaza sauti, ndiyo ikawa mbaya zaidi. "Mmoja ana haraka ya mwizi, mwingine anaficha ujinga kama mtu anayeficha donda. Mngenipasulia cherehani zote mbili kwa shoka ningewasamehe. Mmenifanya mwongo."

Akaivua futi shingoni, akaikamata mkononi, akatoka. Fundi alimfuata mpaka mlangoni.

Mwalimu alikuwa amesimama kando ya meza ya kukatia, mkoba kifuani, bega zima limeelekea mlangoni, lile jingine amelificha upande wa ukuta.

"Mama," dada akasema, "nisamehe. Naomba nikupime tena. Mara moja tu, mimi mwenyewe, nitafunga mlango."

Mwalimu aliitazama futi ikining'inia. Akainua macho kwenye maneno yaliyochorwa juu ya mlango, akayasoma yote kama anasahihisha. Kisha akamtazama fundi, muda mrefu, mpaka fundi akainamisha kichwa.

"Hapana, mwanangu," alisema.

Akaugeuza mgongo wake uliopinda, mbele yao wote, akaondoka.