Joto la Kuni za Pintilie

"Hicho chumba unamtunzia nani, Zinovia?" jirani yake Tecla alimwuliza siku moja ya Novemba. Alikuwa amesimama katikati ya chumba kikubwa, koti mwilini, mvuke ukimtoka mdomoni kama ng'ombe aliyetoka kisimani.

Zinovia alikuwa akipanga gutui dirishani. Gutui ni tunda gumu la manjano, haliliki likiwa bichi, lakini likiwekwa dirishani hunukisha nyumba mpaka Kwaresima. Alilipangusa moja kwa aproni, akaliweka karibu na mengine, akarudi nyuma kidogo kutazama kama mstari umenyooka.

Katika kijiji kile kila nyumba ilikuwa na chumba kikubwa, na chumba kikubwa hakikuwa cha kukaliwa. Humo ndimo yalimotundikwa mazulia mazuri kuliko yote, yenye mawaridi mekundu makubwa kama kabichi. Humo ndimo lilimokaa kasha la nguo za binti anayengoja kuolewa, na juu ya kasha mito iliyopandana mpaka darini. Wageni wa heshima walikaribishwa humo, na maiti walilazwa humo. Jiko la matofali lilikuwamo, limepakwa chokaa na kuchorwa ndege wa buluu, ila halikuwashwa, kwa sababu bibi zao walisema moto hufifisha rangi za sufu. Basi kila majira ya baridi familia zilibanana jikoni kama mbegu ndani ya boga, na uzuri wote ukabaki upande wa pili wa mlango, peke yake, ukiganda.

"Binti yako Ileana haji kuyachukua mazulia haya," Tecla alisema. "Yuko Italia na mumewe, kuta za kule zina joto zenyewe. Aliniambia kwenye simu."

"Na mimi aliniambia."

"Basi?"

"Basi shika ncha hii ya zulia, shoga, tulinyanyue. Limelegea."

Mume wa Zinovia, Pintilie, alifariki wakati wa kuchuma zabibu, mwaka juzi, na alilazwa katika chumba kile kile. Alikuwa mtu wa kazi. Kuni za kijiji hutoka katika msitu wa pamoja juu ya kilima, na msitu hugawiwa wanaume tu. Kila nyumba ina alama yake, na mwanamume huikata kwa shoka kwenye ncha ya kila gogo lililo fungu lake, pale pale msituni, kabla mtu mwingine hajalitamani. Alama ya nyumba ya Pintilie ilikuwa unyayo wa jogoo.

Tangu afe, fungu lake lilichukuliwa na kaka yake Haralambie, kwa niaba ya mjane. Alipanda kilimani, akakata unyayo wa jogoo ili msimamizi wa msitu amruhusu, akayateremsha magogo kwa farasi. Mlangoni kwa mjane kikashushwa kigari cha matawi na vijiti vya mizabibu, vitu vya kuchemshia chai. Magogo yenyewe yakaenda uani kwa Haralambie, ng'ambo ya barabara. Hakujisumbua kuzichonga alama zile zitoke. Kuni ni za kuchoma, nani atazisoma?

Zinovia aliziona kila asubuhi kupitia dirishani, zimepangwa vizuri chini ya paa la bati. Mara moja tu alimwambia Haralambie kwamba ni zake.

"Shemeji, wewe ni mtu mmoja," Haralambie alimjibu. "Mtu mmoja anatosheka na sala."

Theluji ya kwanza ilipoanguka, Haralambie alivuka barabara, akakaa jikoni bila kuvua kofia yake ya manyoya ya kondoo. Mwanawe Nelu alikuwa anaoa baada ya Pasaka.

"Nyumba hii imekushinda, shemeji," alisema. "Njoo kwetu. Kuna kichumba nyuma ya jiko, karibu na mapipa ya kabichi. Hapa Nelu aanzie maisha."

"Na nisipokuja?"

"Mimi si mtu wa kulazimisha. Baridi itakulazimisha. Sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, padri atakapokuja kubariki nyumba, akikukuta umekauka kama samaki, yeye mwenyewe atakuambia uhame. Padri akisema utakataa?"

"Padri akisema sitakataa," alijibu Zinovia, kwa sababu ndivyo alivyolelewa. "Nitampokea chumba kikubwa, kama kila mwaka."

"Utampokea ukiwa hai?"

"Mungu akipenda."

Vijiti vya mizabibu viliisha kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Nikola, mwezi Desemba. Zinovia alikaa jikoni siku nzima akitazama maji ya ndoo yakiota ngozi ya barafu, akawaza. Moto sina, alijisemea, si jikoni wala chumbani. Kama ni kukaa bila moto, heri nikae bila moto katikati ya sufu.

Kesho yake akahamia chumba kikubwa. Alisukuma kitanda chake hadi chini ya picha ya Mama wa Mungu. Aliyatoa kwenye kasha mazulia yaliyokunjwa tangu arusi yake, akayatundika juu ya mengine, mawaridi juu ya mawaridi, mpaka kuta zikanenepa. Zulia jeusi lenye mizabibu alilitundika mlangoni kama pazia. Mito aliyomfumia Ileana aliishusha kutoka darini, akaipanga kwenye benchi ndefu iliyozunguka jiko. Alitandika vitambaa vyeupe vilivyotariziwa, akabadilisha kishada cha mrehani nyuma ya picha, akawasha kandili yake ndogo ya mafuta. Mwisho alileta kikombe chake cha kila siku, chenye ufa, akakiweka mezani. Akasali. Kisha akaketi, si ukingoni kama mgeni, bali akaegemea.

Baada ya muda alihisi mgongo unapata moto. Aliweka kiganja kwenye jiko. Matofali yalikuwa ya vuguvugu, kama ubavu wa mnyama aliyelala. Akafungua kilango cha chini. Ndani kulikuwa giza, hakuna jivu, na utando wa buibui haujachanika, buibui mwenyewe yumo. Zinovia akafunga taratibu asimsumbue, akamshukuru Mungu, akavua shali. Baadaye kidogo akavua na ile ya pili.

Ng'ambo ya barabara, siku hiyo hiyo, Liuba mke wa Haralambie alijaza jiko magogo, nayo yakawaka vizuri, miali mikubwa ya kupendeza. Unga wa mkate haukuumuka. Maji ya ugali hayakuchemka. Paka alitazama moto, akaondoka. Liuba ni mwanamke mvumilivu. Aliyatoa magogo, akatia mengine, na hayo yakapika. Akayarudia yale ya kwanza, akayageuza, akaona unyayo wa jogoo. Akafunga shali akavuka barabara.

Alimkuta Zinovia na Tecla wamevua viatu, wanabangua njugu za mti wa jozi wa Tecla na kula mkate wa boga.

"Ni lenu hilo joto," Liuba alisema, kama mtu anayeleta habari za mbuzi aliyepotea. "Zile kuni zenye unyayo wa jogoo. Zinawaka kwetu, moto wake unakuja huku. Nimezijaribu."

"Nilidhani hivyo," Zinovia alisema. "Keti, wifi. Sukuma huo mto."

"Kabla hujaketi," Tecla alisema, "rudi utie gogo jingine. Miguu yangu bado baridi."

Liuba akacheka, akarudi, akatia.

Ikawa hivyo kila siku. Wanawake wa mtaa wakaja na sufu zao na masengenyo yao. Wengine hawakuwahi kuketi katika chumba kikubwa isipokuwa kwenye matanga, na mwanzoni waliongea kwa sauti ya chini, kama maiti yumo. Zinovia akawaambia watandaze miguu. Rangi za mazulia hazikufifia. Mawaridi yalizidi kukolea, na moja la pembeni, karibu na jiko, lilifunguka sawasawa na kudondosha petali moja ya sufu juu ya benchi. Zinovia aliiokota, akaitia ndani ya kitabu chake cha sala. Kabla ya Krismasi Tecla alikwishawasha jiko la chumba chake kikubwa, kwa kuni zake mwenyewe, na baada ya Tecla nyumba nyingine, na nyingine. Kuna mwanamke alisema amekaa na lile zulia tangu aolewe, na ndiyo kwanza ameona kwamba lina ndege.

Haralambie alipogundua, hakushangaa. Alikasirika. Alichukua shoka akazichonga zile nyayo, zote, mpaka uani pakajaa vibanzi. Akawasha. Miali ikawa mizuri zaidi, na chumba cha Zinovia kikapata moto hadi wakafungua dirisha dogo. Ndipo akatoa amri magogo ya marehemu yasiguswe kabisa.

"Yaoze," alimwambia Liuba. "Tuone."

Siku hiyo na siku iliyofuata joto lilipungua. Zinovia alijifunga tena shali ya kwanza, kisha ya pili, na usiku ule maji ya kikombe yakashika barafu. Hakwenda kumwomba mtu. Alisogeza kitanda karibu na jiko, akayavuta mazulia mawili kutoka ukutani akajifunika, akalala chini ya mawaridi yake mwenyewe.

Asubuhi ya siku ya tatu Haralambie alipokwenda kunywa mvinyo katika ghala la mvinyo la rafiki yake, chini ya nyumba, Liuba alisimama jikoni akatazama mlango aliotokea mumewe. Miaka miwili alikuwa amepikia kwa kuni zile na kunyamaza. Akatia gogo. Akatia la pili. Kisha akachukua sindano zake za kufumia, akavuka barabara, akaketi karibu na Zinovia. Akafanya vivyo hivyo kila asubuhi, mume akitoka.

Sikukuu ya Ubatizo wa Bwana ikafika na baridi ya kupasua mawe. Padri Gherman alizunguka kijijini na kishada cha mrehani na ndoo ya maji ya baraka. Ni mzee mnene anayechoka haraka. Siku hiyo kila mwaka alibariki vyumba vikubwa akiwa na koti zito, akinyunyiza maji yanayoganda kabla hayajafika ukutani, na baadaye alikohoa mpaka Pasaka. Haralambie alimfuata nyuma mpaka kwa Zinovia, akiwa amevaa shati safi.

Padri aliingia, akapita chini ya pazia la mizabibu, akasimama. Akavua koti. Hakuna aliyewahi kumwona padri bila koti siku hiyo. Akabariki pembe zote, maji yakadondoka kama maji, akamaliza, akajiachia kwenye benchi, katikati ya mito.

"Hapa panakalika," alisema.

Tecla alimletea mvinyo wa moto. Zinovia alisimama karibu na picha, mikono imekunjwa mbele, akingoja litakalosemwa.

"Padri," Haralambie alisema, "huyu ni mjane, peke yake, ndani ya nyumba kubwa. Nimemwita kwangu aje nimtunze, hataki. Mwambie."

"Nimwambie nini? Mimi hapa natoka jasho."

"Hilo joto si lake. Ni langu. Linatoka kwenye kuni zangu."

Wanawake wakaacha kufuma.

"Kuni zako zipi?" padri akauliza.

Haralambie akatazama kofia yake. Liuba akajibu kutoka pembeni mwa jiko, bila kuinua macho kwenye soksi aliyokuwa akifuma. "Zile za Pintilie, padri. Za unyayo wa jogoo. Za mwaka jana, na za mwaka juzi."

Padri akanywa. Alifikiri, na ilionekana kufikiri hakumpi raha. "Mimi si mtu wa msitu," alisema mwishowe. "Msitu una taratibu zake. Fungu hupewa mwanamume, na kabla ya Kwaresima magogo yatashushwa tena kwa Haralambie, mimi sina la kufanya. Lakini siwezi kumwambia mtu ahame chumba ambamo mimi mwenyewe sitaki kutoka."

"Basi na joto litakwenda kwake kila mwaka?" Haralambie aliuliza.

"Hilo pia si la kwangu."

Zinovia alifungua mikono. Alikwenda mlangoni, akalivuta pazia kando, akafungua mlango wazi mpaka mwisho. Nje theluji ilikuwa nyeupe na barabara tupu.

"Kama ni lako, shemeji, lichukue," alisema. "Sipendi kukaa na cha mtu."

Haralambie alisita. Kisha, kwa kuwa watu walikuwa wakimtazama, akashika kofia yake kwa mikono miwili akaanza kupunga kuelekea mlangoni, kama mtu anayefukuza kuku shambani. Alipunga chini ya meza, akapunga kando ya kitanda. Joto lilimpisha apite, kisha likarudi mahali pake karibu na jiko. Chembe za theluji zilipeperuka ndani zikayeyuka kizingitini. Hakuna aliyefunga shali.

"Lifunge kamba shingoni kama mbuzi, kaka Haralambie," Tecla alisema. "Joto hilo halitembei hivi hivi."

Padri alikohoa ndani ya kikombe.

"Na Nelu?" Haralambie akauliza, akihema. "Nelu atakaa wapi?"

"Nelu aje na mchumba wake wapashe miguu," Zinovia alisema. "Watakula, watakunywa. Wabishe hodi tu kwanza."

"Liuba," Haralambie akaita. "Twende nyumbani."

Liuba alihesabu vifundo vya soksi kwa midomo, akafika mwisho wa mstari, akageuza sindano, akaanza mstari mwingine. Zinovia alisimama pale pale, mkono kwenye kitasa, mlango wazi, uso wake mwekundu kwa joto. Haralambie akavaa kofia, akaivuta mpaka masikioni, akampita, akatoka.