Mnara Ulionyooshwa kwa Brashi

Kazi ya kuchora nje ina adha yake, na adha yenyewe ni watu. Mchoraji aliweka kiti ng'ambo ya barabara, akawa anachora kanisa ambalo baba yake alilipigia kengele tangu yeye hajazaliwa. Mzee alikuwa anastaafu mwisho wa juma, na picha ilikuwa zawadi yake. Basi kila mpita njia akageuka mwalimu. Huyu anasema mlango umekuwa mpana mno, yule anauliza mbona yeye hayumo. Aliyezidi wote ni mwenye duka la jirani, ambaye alisimama nyuma yake, mikono kiunoni, akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Dada, mnara wako umelewa."

Kweli, kwenye turubai mnara uliinamia upande wa nguzo ya umeme. Mchoraji aliona haya, maana alikuwa ameuchora vile vile jicho lilivyouona. Akaulaumu mkono wake, akachukua kitambaa, akaufuta na kuuchora wima. Siku ya pili mkono ukarudia kosa lile lile, na mwenye duka naye hakukosa kupita. Akafuta tena, safari hii kwa hasira.

Siku ya tatu alikuwa anamalizia anga. Mwanzoni kabisa, kati ya mnara na nguzo, alikuwa amepaka ukanda mwembamba wa buluu ya anga. Akainua macho aulinganishe. Kule juu ukanda haukuwepo. Mnara ulikuwa umekwisha kuificha nguzo.

Akadhani kiti kimesogea. Akainama kutazama. Wapi! Miguu ya kiti ilikuwa ndani ya alama za chaki, zile anazochora kila anapoanza picha ili asipoteze mahali pake. Basi kilichosogea ni mnara. Saa sita mchana ilikuwa inakaribia, na baba yake alikuwa ameshapanda juu kwenye kengele.

Kumwita kusingesaidia, kwani kengele hiyo hiyo ilishamla mzee masikio yote mawili. Alivuka barabara bila kutazama huku wala huku, dereva mmoja akamporomoshea matusi. Ngazini mchanga ulikuwa unachuruzika kutoka ukutani kama unga kwenye chekecheo. Alimkuta mzee ameshika kamba, akamvuta. Mzee akagoma, maishani mwake hajawahi kuchelewesha kengele. Hapakuwa na muda wa adabu. Akamkumbatia kiunoni, akamburura baba yake mzazi mpaka chini.

Barabarani mzee alikuwa bado anafoka kwamba ameaibishwa mbele za watu, mnara uliposhuka. Ulijikunja magoti, ukakaa chini, na vumbi likaumeza mtaa mzima. Mwenye duka alibaki mdomo wazi, mikono kichwani. Ndani hamkuwa na mtu mwingine, Mungu alisaidia.

Vumbi lilipotulia, mzee alikwenda moja kwa moja kwenye picha. Akainama, akapitisha kidole juu ya rangi.

"Mwanangu, chini ya mnara huu kuna mwingine, umeinama," alisema. "Uliuona lini?"

Mchoraji alijua mzee asingesikia jibu la mdomo. Akainua vidole vitatu. Mzee akavitazama, akakumbuka kila mara aliyopanda siku hizo tatu, kisha akakaa kwenye kile kiti.