Mkono wa Inspekta Chilewa

Asubuhi ile Mzee Sebastiani alikuwa hakaliki. Aliketi, akasimama, akachungulia dirishani, akaketi tena. Nusu ya mtaa wa Miyuji ilikuwa ikimsubiri uani kwa Ludovick, ambaye redio yake ya kaseti kutoka Dubai, tunda la enzi za ruksa, bidhaa za nje zilipofunguliwa milango, ilikuwa imeibwa.

Chanzo ni vitabu. Mji mzima ulisoma riwaya za mpelelezi Inspekta Chilewa mpaka kurasa zikalegea. Chilewa alichechemea mguu wa kushoto kwa sababu ya risasi, na alimjua mwizi kwa kumpa mkono: Chilewa akiushika asiuachie, basi huyo ndiye mwizi. Sebastiani naye alichechemea wa kushoto, na kabla ya kustaafu alikuwa mpiga chapa wa polisi. Watu wakajumlisha wenyewe. Mzee wa watu alianguka na baiskeli tu, lakini kuitwa Inspekta ni kutamu, akawaacha waite.

Alipofika na mkongojo wake, wapangaji wa Ludovick walikuwa wamepangwa mstari, na vijana wenye fimbo nyuma yao. Hofu ikamwingia kwelikweli. Aliazimia kuwapa mikono haraka, aseme hakuona kitu, arudi kunywa chai.

Akampa Castory, akamwachia. Akampa Bartolomayo, akamwachia. Akamfikia Shamimu, aliyefiwa na mumewe wakati Sebastiani mwenyewe amelazwa hospitali ya Mvumi. Hawakuwa wameonana tangu hapo, na mkono wa mfiwa hauachiwi upesi. Akaushika, akainama.

"Pole sana, mwanangu," alinong'ona. "Sikuweza kufika msibani."

Alipoinua kichwa, fimbo zilikuwa zimeinuka.

"Ndiye huyo," alisema Ludovick.

"Siye. Nampa pole. Na mimi si Inspekta, Inspekta ni mtu wa vitabuni. Mguu huu ni wa baiskeli."

Ludovick akatabasamu. "Ndivyo asemavyo katika kila kitabu. Hukana kwanza."

Shamimu akageuka akazitazama zile fimbo. Sebastiani alijuta, akajiona mjinga wa wajinga. Kisha akarudi mwanzo wa mstari. Akamshika Castory mkono, akaung'ang'ania: "Pole na kazi." Akaung'ang'ania wa Bartolomayo: "Pole na jua." Hakumruka mtu. Mwisho akaushika wa Ludovick mwenyewe, "Pole na kuibiwa," asiuachie mpaka jasho likawatoka wote wawili.

"Kumbe Ludovick kajiibia?" mtu mmoja aliuliza.

Watu wakacheka, na fimbo zikashuka moja moja.

Redio haikuonekana. Inspekta naye hakuuliziwa tena na mtu, na hilo lilimuuma Sebastiani kuliko alivyotegemea. Jioni Shamimu alimletea mkongojo aliousahau kule uani.

"Shikamoo, Mzee Sebastiani."

Ulikuwa muda mrefu hajaitwa hivyo. "Marahaba, mwanangu," akaitika, akanyoosha mkono, akakumbuka, akataka kuurudisha.

Shamimu akaushika, wala hakuuachia upesi.