Jikoni Saa ya Futari

Mpango ulibandikwa ukutani kantini wiki moja kabla ya mwezi mtukufu, Disemba ya tisini na nane. Majina ya watu wa bara yaliandikwa kwa kijani, Timu A, zamu ya asubuhi. Majina yetu sisi wa pwani kwa manjano, Timu B, zamu ya jioni. Bwana Austine, meneja aliyeletwa kutoka Nairobi kuiokoa hoteli yetu ya Diani, alisimama mbele yake na kijiti cha kuonyeshea, viatu vinang'aa.

"Hii ndiyo stratejia," alisema. "Kila timu na malengo yake. Hakuna kuingiliana. Mtu wa A nikimpata jikoni saa za B, huyo amejifuta kazi mwenyewe."

Niliinua mkono. Kila mtu pale alijua nitainua.

"Bwana meneja, mbona rangi zimefuata kabila?"

"Zimefuata usalama, Chirau. Mwaka jana si mlikatana mapanga hapa?"

"Tulikatana na nani? Fujo zilipoanza, Virginia huyu alilala kwa mamangu Msambweni, kitanda kimoja na dada zangu. Muulize."

Virginia, mpishi wa supu, mtu wa Kibwezi, aliinamisha uso. Hakupenda kutajwa.

"Na magharibi je?" nikaendelea. "Timu B karibu yote itakuwa imefunga. Chakula cha wageni umekileta mapema, kinaanza jua likitua. Tutafuturu saa ngapi?"

"Baada ya kazi. Kazi kwanza, tumbo baadaye."

Watu wakaguna. Jambo lenyewe ni hili. Tangu hoteli ifunguliwe, jikoni kwetu tulikuwa na utaratibu wetu ambao hakuna meneja aliyeutunga. Mwezi wa Ramadhani, jua likitua, wenzetu wa bara walishika vyungu mpaka tufuturu na kuswali. Idi pia walishika wao. Krismasi na Pasaka tulishika sisi, wao waende kanisani Ukunda. Ndivyo tulivyoishi, hata baada ya zile fujo, wakati wageni walipokimbia na nusu ya vyumba vikafunikwa mashuka. Austine akaja na kalamu mbili akatupasua katikati, akaita maendeleo.

Basi nami nikafanya mpango wangu. Siku ya nne ya mfungo angekuja Bibi Ulrike, wakala wa kampuni ya Ujerumani, kula na kundi lake la kwanza tangu fujo. Akiridhika, angeturudishia wageni. Nikawaambia wenzangu: siku hiyo azan ikilia, kila mtu aweke chini alichoshika. Jikoni pabaki patupu. Aone mwenyewe stratejia ya Austine.

Virginia alizipata habari. Alinikuta nyuma, kwenye kamba za kuanikia vitambaa vya meza.

"Chirau, huo mpango wako ni mbaya kuliko wake."

"Wangu una haki ndani yake."

"Haki gani? Huyo mama akikosa chakula, wageni anawapeleka hoteli za Nyali. Mimi nirudi Kibwezi nikalime mawe? Na Iddi mwenzako wa zamu je, na wale watoto wake?"

"Sasa unataka tufunge mpaka saa nne za usiku kwa ajili ya sahani za Wazungu?"

"Nimesema hivyo? We huwa husikii, unangoja tu zamu yako ya kuongea."

"Usije kutushikia vyungu, dada. Austine atakufuta."

"Kwani wewe ni mume wangu?" Akachukua kikapu chake, akaenda.

Siku ikafika. Joto la jikoni lilikuwa la kukausha mate, nasi mate tulikuwa hatuna. Iddi alikuwa na tende mfukoni mwa aproni. Samaki walikuwa kwenye makaa, supu kwenye jiko, na ukumbini wageni walishaanza kuketi. Austine alisimama mlangoni mikono kiunoni. Alikuwa amenusa harufu ya jambo.

Azan ikalia kutoka msikiti wa upande wa barabara. Nikaweka upawa juu ya meza. Iddi akaweka kisu. Mmoja mmoja, wote wakaweka. Akabaki Kahaso wa Kinango, ambaye hakufunga, amesimama peke yake mbele ya majiko sita, akitutazama.

"Chukua huo upawa, Chirau," alisema Austine. Sauti ilikuwa ya chini.

"Nimefunga tangu alfajiri, bwana meneja. Nafuturu."

"Ukitoka hapo, usirudi."

Nilikuwa nimeshapiga hatua mlango wa nyuma ulipofunguliwa, akaingia Virginia na wenzake watano wa Timu A, aproni nyeupe, mikono bado inachuruzika maji. Akampita Austine kama anavyopita kabati.

"Samahani bosi, supu itashika chini."

"Virginia! Wewe ni A! Umefutwa kazi!"

"Sawa bosi. Nifute nikimaliza kukoroga."

Sisi tukakaa juu ya makreti ya soda, tukafuturu. Nilimwona Austine akizitazama sahani zikitoka moja baada ya nyingine. Virginia hakugeuka. Mgongo wa aproni yake ulikuwa umelowa jasho.

Tulikuwa tumesharudi kwenye majiko, tumechanganyika, Bibi Ulrike alipoingia. Kiswahili chake ni cha miaka mingi ya pwani.

"Hodi! Mwezi huu nimekula hoteli tatu, na kote jua likitua nangoja. Hapa sikungoja. Hii ni timu gani, Bwana Austine?"

Austine akisema ukweli, mpango wake umekufa mbele ya mgeni. Akimfukuza Virginia wa Timu A, huyo hapo pembeni, upawa mkononi, ndiye aliyemwokoa.

"Ni timu ya jioni, madam," alisema. "Ni sehemu ya mpango wetu mkakati."

Damu ilinipanda. Kulipuka ningeweza, na kila mtu alingoja nilipuke. Lakini ningelipuka, wa kwanza kutolewa nje angekuwa Virginia.

"Na Virginia ndiye msimamizi wetu saa ya futari," nikasema kwa sauti. "Sivyo, bwana meneja?"

Bibi Ulrike alimgeukia Austine, anatabasamu.

"Ndivyo," alisema Austine.

"Kila siku, mpaka mwezi uishe?"

"Kila siku."

"Na Krismasi tunawashikia sisi?"

Taya lilimcheza. "Mtashika ninyi."

"Vizuri sana!" alisema Bibi Ulrike.

Wageni walirudi. Sifa alizichukua Austine, akaitwa Nairobi kuwafundisha mameneja wenzake namna ya kupanga. Sijasahau. Chati hakuibandua. Asubuhi ya Krismasi, siku chache tu baada ya usiku ule, tukiwa tumefunga, tulipita chini yake, kijani juu na manjano chini, tukaenda kuwasha majiko ya Timu A.