Nyuma ya Kiti Hakuna Keria

Zabroni alijulikana Rumonge nzima kwa mbio za baiskeli, lakini miaka yote alishindana kwa baiskeli ya chuma aliyorudi nayo kutoka ukimbizini Tanzania. Mwaka huu alikwenda Bujumbura kuchagua mpya ya kaboni, ile nyepesi ya mashindano. Muuzaji alimtolea mbili. Ya kwanza ilikuwa nyepesi kama unyoya, ila ilimkunja mgongo vibaya. Ya pili ilizidi uzito kidogo, ila ilikuwa na matairi mapana, yanayovumilia mashimo ya barabara ya ziwani. Akaichukua hiyo.

Nyumbani, mama yake, Speciosa, aliinyanyua kwa mkono mmoja akashangaa. Kisha akapapasa nyuma ya kiti.

"Sasa miye nitakaa wapi?"

"Hii haibebi mtu, mama. Iko ya mashindano tu."

Speciosa akacheka. Siku walipovuka mpaka kutoka Tanzania na kuingia Kabonga, alikuwa amekaa kwenye keria ya ile ya chuma, amepakata sufuria, akimtajia mwanawe kila mto na kila kilima alichokiacha akiwa msichana. Majina mengi aliyakosea, wakacheka mpaka Zabroni akashindwa kukanyaga pedali.

Asubuhi Zabroni aliijaribu baiskeli mpya. Ilipaa. Karibu na kijiji cha Gatete alijikuta amegeuza shingo, kana kwamba kuna mtu anamsemesha.

"Baiskeli ni nzuri, mama," alisema aliporudi. "Ila barabara imekuwa kimya."

"Utazoea, mwanangu," Speciosa akamjibu, akimmiminia uji. "Hata kule ugenini tulizoea."