Wageni wa Maziwa Moto

Kila asubuhi kiwandani, Mapovu humimina unga wa bakteria kwenye pipa la mtindi kabla maziwa hayajapoa. Zamani walingoja mpaka mkono uvumilie ubavu wa pipa. Meneja mpya akaona huko kungoja ni uvivu mtupu, na malori yananguruma getini. Siku hizi unga unazama ndani ya mvuke, vikombe vinajazwa, na kila kimoja kinabandikwa neno moja: HAI.

Jioni moja bakteria waliokufa kwa joto la pipa wakamfuata nyumbani. Walikuwa weupe, wadogo kama punje za mchele, wapole kupita kiasi. Wakajipanga kwenye ukingo wa kitanda cha mama yake, ambaye dawa kali za hospitali zilimfagia tumbo likabaki kama sufuria iliyosuguliwa. Daktari alisema ale mtindi wenye bakteria hai, la sivyo chakula hakitakaa.

"Hawa wageni wako hata hodi hawajui?" mama akauliza.

"Ni wa kazini, mama."

"Haya. Nyie, si ndio mnaotibu matumbo?"

"Ndio sisi, bibi," akajibu mmoja, akijikuna palipoungua. "Ila tumekufa."

"Basi poleni."

"Na wewe pole, bibi."

Asubuhi Mapovu akawabeba ndani ya kofia yake ya kazi mpaka kwa meneja. Meneja akavaa miwani, akawasalimia vizuri tu.

"Wanataka nini?"

"Wanaomba maziwa yapoe kwanza."

"Na malori nayo yapoe?"

Mchana huohuo akaagiza neno HAI lichapwe kubwa zaidi.

Mapovu akaficha kijiko kimoja cha unga mfukoni, akauchanganye mwenyewe nyumbani. Mlinzi akamkung'uta mfuko getini, akamtakia jioni njema.

Mama akaendelea kula vikombe vya HAI kubwa. Akawa anaisha taratibu, kama sabuni ya bafuni, bila kumsumbua mtu. Wakamzika Ijumaa. Jumamosi Mapovu alikuwa na zamu, akaenda.

Jioni wageni wakaja kama kawaida yao. Mama alikuwa katikati yao, mdogo kama wao, ameshika kijiko chake.

"Leo maziwa yalipoa?"

"Hayakupoa, mama."

"Haya. Nyie, sogeeni nikae."

Wakasogea. Mapovu akafua aproni yake, akaianika, maana kesho alikuwa na zamu ya asubuhi.